Simba Ako na Bol: Mambo ya Kupanga Ndani ya Siku 63 Kabla Mbwa wa Ocha Azae

Mathe akikupigia kutoka Khwisero akwambie Simba amenona ghafla, usicheke useme ni mabaki ya matanga. (Kwa nini mbwa jike wengi wa ocha huitwa Simba? Hiyo ni stori ya siku ingine.) Muulize swali moja tu: madume yalijazana hapo kwa geti lini?

Hilo swali ndilo linabeba kila kitu. Mbwa hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Anaweza kuzaa mapema kidogo ama achelewe, kawaida kati ya siku ya 58 na ya 68 tangu apandwe. Ukiwa na tarehe, unajua wakati wa kuongeza msosi, wakati wa dawa ya minyoo, wakati wa kutengeneza kitanda, na usiku ambao simu haifai kuzima chaji. Bila tarehe unabahatisha. Na Khwisero si mahali pa kubahatisha saa nane usiku. Ukiwa ndani ndani huko Kisa Magharibi, mvua inanyesha, njia imekuwa matope na mwenye nduthi amelala, huyo daktari wa mifugo hata akikubali kuja atachukua muda. Isitoshe, madaktari wengi wa mashinani kazi yao ya kila siku ni ng'ombe. Wa mbwa lazima umtafute mapema.

Nchi ya Waluhya inajua kutunza mnyama ikitaka. Angalia fahali wa kupigana wa Ikolomani, hapo jirani tu: anapangiwa chakula, anasuguliwa, anaimbiwa. Mbwa anayelinda hao ng'ombe wote usiku hurushiwa ukoko wa ugali na kuambiwa toka. Sasa amebeba mimba, na hizi wiki tisa hawezi kuishi kwa ukoko.

Tarehe inatoka wapi

Mbwa jike huingia joto mara moja kila miezi sita au zaidi, na joto lenyewe huchukua wiki tatu hivi. Siku za kwanza utaona sehemu zake za siri zimevimba na damu inadondoka kidogo. Wakati huo madume yanamfuata lakini yeye anayafukuza. Baada ya siku tisa hivi damu inakuwa nyepesi, anasimama na kusogeza mkia kando. Hapo ndipo timu ya mafisi ya kijiji kizima inapiga kambi kwenu, mengine yametoka vijiji ambavyo hata huvijui.

Andika siku uliyomwona akipandwa. Kama ni mara kadhaa, andika ya kwanza na ya mwisho. Tuseme ni Machi 1. Siku ya 63 inaangukia Mei 3, na unafaa kuwa macho kuanzia Aprili 28 hadi Mei 8. Angalia hizo tarehe vizuri: hapo ni katikati ya mvua ya masika. Kwa hivyo tayari unajua kitanda chake hakiwezi kuwa nje chini ya stoo.

Na tafadhali, mkiwaona mbwa wameshikana kitako kwa kitako, waambie watoi waache mawe na maji. Si uchawi na si aibu. Sehemu ya dume huvimba ikiwa ndani, na hawawezi kuachana mpaka ishuke, kitu cha dakika tano hadi nusu saa. Ukiwatenganisha kwa nguvu unaweza kuwaumiza wote wawili, na mimba inaweza kuingia vilevile. Kitu kingine kitakachokushangaza: kama alipandwa na madume matatu, watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti. Ukiona mmoja mweusi, mmoja wa madoa na mmoja anafanana na mbwa wa chifu, usishtuke.

Kama hakuna aliyeona kitu, kadiria. Chuchu huanza kuvimba na kuwa za pinki mwezi mmoja hivi baada ya kupandwa, na tumbo huonekana wazi kwenye wiki ya tano au ya sita. Daktari anayejua mbwa anaweza kupapasa tumbo na kusikia vivimbe karibu na siku ya 28. Usijaribu wewe kumfinya.

Si kila tumbo ni mimba

Hapa ndipo watu hupoteza mbwa wakifikiria wanangoja watoto. Kuna mimba ya uongo: mbwa hajabeba kitu lakini chuchu zinajaa, maziwa yanatoka, anachimba mahali pa kulala na hata kulea kiatu. Hiyo mara nyingi huisha yenyewe.

Hatari ni usaha kwenye tumbo la uzazi. Huja wiki kadhaa baada ya joto, hasa kwa mbwa mkubwa kiumri. Tumbo linajaa, anakunywa maji kama amekimbia mbio za nyika, hataki chakula, na pengine uchafu wenye harufu unatoka nyuma. Wakati mwingine hakuna kinachotoka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Huyo hangoji siku ya 63. Anaweza kufa ndani ya siku chache, na tiba ya kutegemewa ni upasuaji.

Cheki pia damu isiyoisha. Joto lina mwisho. Mbwa anayedondosha damu miezi na ana kinyama kama koliflawa sehemu za siri huenda ana uvimbe wa saratani ambao mbwa huambukizana wakipandana. Ni wa kawaida kwa mbwa wanaozurura, na uzuri wake ni kwamba unatibika kwa sindano za daktari. Wengi hupigwa mawe kwa sababu ya harufu tu.

Msosi

Wiki tano za kwanza usibadilishe kiasi, badilisha ubora. Mbwa wa Khwisero anaishi kwa ugali, na ugali pekee hautengenezi watoto sita. Changanya na omena, matumbo yaliyochemshwa, mayai yaliyopikwa, ndengu au maharagwe yaliyoiva sawasawa. Omena ni nzuri sana na bei yake si ya kukutoa jasho. Ioshe mchanga, ichemshe bila chumvi nyingi, isonge pamoja na ugali.

Kuanzia wiki ya sita, kwa mfano wetu ni Aprili 5, ongeza polepole. Akikaribia kuzaa awe anakula robo zaidi ya kawaida yake, hata nusu zaidi kama tumbo ni kubwa. Mgawie mara tatu au nne kwa siku, kwa sababu watoto wamebana tumbo la chakula. Akishazaa na kunyonyesha, mahitaji yanaruka hadi mara mbili au tatu ya kawaida. Hapo ndipo wengi wetu hulala. Tunasherehekea watoto, mama anabaki mbavu. Maji safi yawepo saa zote.

Kuna vitu vitatu vya kumnyima. Kwanza, mahindi yaliyoota ukungu. Najua tabia: gunia likiharibika, watu wanasema hiyo ni ya mbwa na kuku. Ule ukungu hutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 huku Kenya, wengi wao upande wa Makueni na Kitui, kupitia mahindi. Mbwa hudhurika haraka kuliko unavyofikiria, kwa hivyo kama wewe huwezi kuyala, naye pia. Pili, mabaki ya mchuzi yenye vitunguu vingi, maana vitunguu huharibu damu ya mbwa. Tatu, mifupa ya kuku iliyopikwa. Ingokho ikiisha Jumapili, mifupa yake huvunjika vipande vyenye ncha, na hapo ni kutoboka utumbo.

Usimpe vidonge vya kalsiamu ili mifupa ya watoto ikaze. Inaonekana ni akili, lakini ukimjaza kalsiamu wakati wa mimba, mwili wake unazembea kutoa ile iliyo kwenye mifupa. Akianza kunyonyesha inapungua ghafla kwenye damu, na hiyo ni ngori nitakayoirudia chini.

Dawa: uliza kwanza

Minyoo ya mbwa haingoji watoto wazaliwe. Mama ana viluwiluwi vya minyoo vilivyolala kwenye nyama ya mwili wake. Akibeba mimba vinaamka na kupitia kwenye kondo la nyuma hadi kwa watoto, na baadaye kwenye maziwa. Ndiyo maana unaona mtoto wa mbwa wa wiki tatu ana tumbo kama ngoma na mwili umekonda. Na si shida ya mbwa peke yao. Mayai ya minyoo hiyo hukaa kwenye mchanga, mtoi anacheza hapo, anaweka mkono mdomoni, na viluwiluwi vinaweza kuzunguka mwilini mwake hadi kwenye ini au jicho.

Kuna dawa inaitwa fenibendazoli ambayo madaktari hupangia mbwa mwenye mimba kila siku kuanzia siku ya 40 hadi wiki mbili baada ya kuzaa. Kipimo kinategemea uzito, kwa hivyo usichukue ya ng'ombe na kukadiria kwa kijiko. Watoto wenyewe huanza dawa yao wakiwa na wiki mbili, wanarudia kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane.

Kupe ni stori ingine. Ukienda agroveti useme mbwa ana kupe, ni rahisi kurudi na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nyingi zina amitrazi, ambayo usalama wake kwa mbwa mwenye mimba haujathibitishwa, na vitoto haviwezi kuihimili. Sema wazi pale kwa kaunta: huyu ana mimba ya wiki fulani. Ukishindwa, toa kupe kwa mkono, umevaa glavu au karatasi ya nailoni, uzitie kwenye maji ya sabuni. Ni kazi ya kuchosha lakini haiui mtu.

Chanjo nyingi hupewa mbwa kabla ya mimba. Kichaa cha mbwa kiko tofauti, kwa sababu chanjo yake imetengenezwa na virusi vilivyouawa. Shirika la Afya Duniani linataka kampeni za chanjo zichanje mbwa wote, hata wenye mimba na hata vitoto. Kwa hivyo wakija sokoni na friji yao, mpeleke. Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa uliowekwa kwa miaka ya 2014 hadi 2030. Kaunti za kuanzia zilikuwa tano, na Siaya, jirani wa Khwisero, ni mojawapo. Mbwa hajui mpaka wa kaunti, kwa hivyo wakichanja Gem na huku tumelala, bado tumelala sote.

Kitanda, wiki moja kabla

Mwandalie mahali mapema, siku ya 50 hadi ya 55, azoee. Asipopata pake atajichimbia shimo nyuma ya choo au chini ya stoo, na wewe utagundua baada ya mvua kufurika ndani.

Boksi la mbao au kona ya jikoni inatosha. Iwe na nafasi ya yeye kujinyoosha, ukingo wa kuzuia vitoto visitoke, na sakafu iliyoinuka ili maji yasipite. Tandika gunia safi, juu yake leso kuukuu utakazoweza kufua ama kuchoma. Nyasi kavu pia ni sawa bora isiwe na vumbi. Mtoe mnyororo kabisa. Mbwa anayezaa akiwa amefungwa anaweza kunyonga watoto kwa mnyororo wake mwenyewe.

Wiki ya mwisho tafuta kipimajoto cha dijitali, ukipake mafuta ya mgando, umpime nyuma asubuhi na jioni. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Ikishuka chini ya 37.2, uchungu uko njiani ndani ya saa 24 hivi. Hakuna njia rahisi ya kujua kuliko hii.

Usiku wenyewe

Saa za kwanza atahema, atatetemeka, atachimba, atakataa chakula, pengine atatapika. Hii inaweza kuchukua saa 6 hadi 12, hata zaidi kwa mzao wa kwanza. Kazi yako ni kunyamaza. Mtu mmoja anayemjua abaki, wengine waende walale. Mbwa akizungukwa na umati wa watu na tochi za simu anaweza kusimamisha uchungu au kuwageukia watoto wake. Kuhusu kurekodi video, acha tu.

Kisha anaanza kusukuma kwa nguvu. Kila mtoto huja kwenye mfuko mwembamba. Mama huupasua, anakata kitovu kwa meno na kulamba kitoto mpaka kilie. Akila kondo la nyuma, mwache. Kama kwa dakika moja au mbili hajafungua mfuko, ufungue wewe kwa vidole safi kuanzia puani, futa mdomo, sugua mwili kwa kitambaa kikavu. Usikirushe hewani kichwa chini kama wanavyofanya wazee. Kitovu kikitoa damu, funga kwa uzi safi sentimita mbili au tatu kutoka tumboni, kata mbele ya fundo, paka ayodini. Mtoto kutoka miguu ikitangulia ni kawaida kwa mbwa.

Sasa andika haya kwa karatasi, bandika ukutani jikoni kwa mathe. Mpigie daktari bila kungoja asubuhi kama amesukuma kwa nguvu dakika 30 na hakuna kitoto; kama zimepita saa mbili tangu kitoto cha mwisho na unajua wengine wako ndani; kama majimaji ya kijani kibichi yametoka kabla ya mtoto wa kwanza; kama joto lilishuka na saa 24 zimepita kimya; au kama siku ya 68 imepita na hakuna dalili. Kijani kikitoka baada ya mtoto wa kwanza si shida. Usivute mtoto aliyekwama, na usimpe sindano ya kuongeza uchungu uliyoletewa na jirani. Kama mtoto amekaa vibaya, hiyo sindano inaweza kupasua tumbo la uzazi.

Huyo daktari namba yake unapaswa kuwa nayo tangu siku ya 50. Anzia ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, uulize aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya na anayeshughulikia mbwa. Muulize kama anaweza kupasua, na kama hawezi, anamtuma nani Kakamega mjini au Kisumu. Uliza na bei kabisa, ndio saa hiyo isiwe ya kuchangisha kwa grupu ya familia. Ongea pia na mtu wa probox.

Baada ya hapo

Adui wa kwanza wa vitoto ni baridi. Wiki mbili za mwanzo mwili wao hauwezi kujipasha joto, na kitoto kilichopoa hakinyonyi. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso inafanya kazi. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana: ile hewa ya sumu itaua mbwa na nyinyi pia. Hakikisha kila mmoja amenyonya ndani ya saa 12 za kwanza, maana hayo maziwa ya mwanzo ndiyo kinga yao.

Mama atatoa uchafu mwekundu hadi kahawia kwa wiki kadhaa. Ukinuka vibaya, au akiwa na homa na kukataa watoto, ni daktari. Titi likiwa gumu na la moto pia. Na sasa ile ngori ya kalsiamu: wiki mbili hadi nne baada ya kuzaa, ukimwona anatetemeka, anatembea miguu imekakamaa, anahema na hatulii, watoe watoto kwake na umkimbize kwa daktari saa hiyo hiyo. Anahitaji kalsiamu kwa mshipa. Akingoja kesho anaweza kuwa amekufa.

Macho ya vitoto hufunguka siku ya 10 hadi ya 14. Wiki ya nne waanze uji mzito wenye omena iliyosagwa. Wasitoke kwa mama kabla ya wiki nane.

Halafu kuna jambo ambalo watu hufanya usiku na hawasemi asubuhi. Kila mtu anataka dume. Majike yanatiwa kwenye gunia na kuachwa sokoni au mtoni. Kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Lakini hata ukiacha sheria kando, wanaopona kwenye hayo magunia ndio mbwa koko wasio na chanjo watakaong'ata mtoi akienda shule. (Aking'atwa: sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Kichaa kikishaonyesha dalili, hakuna tiba.)

Kwa hivyo zile siku 63 zitumie pia kutafutia watoto makao. Uliza kanisani, uliza kwa chama, uliza jamaa wa Butere na Luanda wenye kuku wanaoibiwa. Mtu akisema anataka dume tu, mwambie jike analinda boma vizuri vilevile, na daktari akimfunga uzazi hakutakuwa na mafisi kwa geti. Na mama mwenyewe mpangie hiyo operesheni watoto wakishaacha kunyonya na maziwa yakauke. Usiichelewe, kwa sababu joto lingine linaweza kuja miezi michache tu baada ya hapo, na kalenda itaanza upya.